Tone la Damu ya Kirezi

Languida Mukashyaka anaishi Cyanzarwe, karibu na mpaka wa Kongo. Udongo wa kwao ni mweusi na una mawe mengi. Kila asubuhi hukata majani, huchota maji, na kusafisha zizi. Kazi ya zizi ikiisha ndipo anakwenda kwenye shamba lake la vitunguu. Mume wake, Straton, ni dereva. Hubeba viazi kutoka soko la Mahoko hadi mjini Gisenyi. Majirani humwita Languida Mama Gisubizo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Zizini kuna ng'ombe mmoja tu. Jina lake ni Kirezi. Familia ilimpata kwa Girinka, mpango wa kugawia familia ng'ombe. Aliyepewa ng'ombe naye humpa jirani ndama jike wa kwanza. Jirani aliyekuwa akingoja ni Nyiraneza, mjane anayelea wajukuu. Tayari alikuwa amejenga zizi lake la miti. Kirezi alikuwa na mimba ya kwanza, na kila Nyiraneza alipopita njiani alisimama kumtazama tumbo.

"Mama Gisubizo, huyu atazaa jike," alikuwa akisema. "Moyo yangu inaniambia."

Asubuhi moja Languida aliweka majani mabichi mbele ya Kirezi. Kirezi hakuyagusa. Alisimama ameinamisha kichwa, masikio yamelegea. Kinyesi chake kilikuwa kigumu na kikavu. Languida akamshika sikio. Lilikuwa la moto.

"Baba Gisubizo, kuja uone!" aliita. "Ngombe iko na homa. Anakataa kukula."

Straton alikuja, na nyuma yake jirani yao, mzee Nzeyimana, ambaye amefuga ng'ombe tangu ujana wake. Straton aliinua mkia wa Kirezi. Kupe wanene walikuwa wameng'ang'ania ngozi.

"Yampayinka!" alisema kwa mshtuko. "Ni kupe. Basi ni ikibagarira."

Ikibagarira ni ugonjwa wa kupe ambao Kiswahili huuita ndigana kali. Kila mfugaji wa Cyanzarwe anauogopa, kwa sababu unaua haraka.

"Mi niko na dawa ya ikibagarira nyumbani," alisema mzee Nzeyimana. "Ilibakia kidogo. Sindano pia iko, ile natumikisha kwa ngombe zote. Tumupige leo leo. Ikikataa, tutachoma na chuma ya moto hapa chini ya sikio."

"Bon, lete," alisema Straton. Alikuwa na haraka. Gari lilikuwa linamngoja Mahoko.

Languida alisimama kati yao na ng'ombe. Si kawaida yake kumpinga mzee. Lakini alimkumbuka Nyiraneza na zizi lake tupu.

"Muzee, unisamehe," alisema. "Iko na mimba. Na sisi hatujui ni ugonjwa gani. Niite kwanza veterineri amupime."

"Kupima nini? Kupe si unaona?"

"Kupe naona. Ugonjwa ndiyo sioni."

Straton alimtazama mke wake. Kisha akatoa simu mfukoni, akampa. "Haya, muite. Lakini Kirezi akikufa..."

Veterineri, yaani daktari wa mifugo, alifika kwa pikipiki. Jina lake ni Onésphore. Alimpima Kirezi joto, akakuta homa kali. Alipapasa chini ya masikio na mbele ya bega, mahali ambapo tezi huvimba mnyama akiwa na ikibagarira. Tezi zilikuwa kubwa kidogo, si sana. Akafunua mdomo wa Kirezi.

"Mama, angalia hapa. Ufizi wake ni rangi gani?"

"Mweupe. Na unaanza kuwa manjano."

"Donc, damu imepunguka," alisema Onésphore. "Inaweza kuwa ikibagarira. Inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa kupe. Kupe anabeba magonjwa mingi, na kila moja iko na dawa yake. Mulimupiga sindano yoyote?"

"Hapana," alisema Languida.

"Mulifanya vizuri sana. Tunatoa damu mbele ya dawa. Dawa ikisha kuingia, vidudu vinaweza kupotea kwenye damu, na labo ya mjini haioni kitu."

Alisafisha ncha ya sikio la Kirezi, akalitoboa kidogo. Tone la damu likatoka. Alilipokea kwenye kioo chembamba, akalisambaza kwa kioo kingine mpaka likawa utando mwepesi. Aliuacha ukauke kwa hewa, bila kuupangusa. Alichoma tezi kwa sindano ndogo, akapaka majimaji yake kwenye kioo cha pili. Mwisho alichota damu shingoni, akaiweka kwenye chupa ndogo yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Kila kitu alikiandika jina la Kirezi.

"Nani atapeleka mjini?" aliuliza. "Mi niko na ngombe wengine wagonjwa huku juu."

"Mi nitapeleka," alisema Languida.

Alipewa kisanduku cha vioo na mfuko wenye barafu. "Chupa isigusane na barafu," Onésphore alimwonya. "Ikae baridi tu. Damu ikigandishwa inaharibika."

Languida alipanda pikipiki ya abiria hadi mjini, mfuko ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Maabara, ambayo kwao huitwa labo, ilikuwa chumba kidogo, safi, chenye meza nyeupe. Mfanyakazi wa maabara anaitwa Kabatesi. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Karibu, mama. Umeileta vizuri," alisema. "Keti. Utaona mwenyewe tunavyofanya."

Alivitia vioo rangi ya zambarau, akavisuuza kwa maji. Alitia damu kidogo kwenye mrija mwembamba, akauzungusha kwa mashine. Mrija uliposimama, sehemu nyekundu ilikuwa fupi chini, na juu yake maji mengi ya manjano.

"Hii nyekundu ingetakiwa ipande zaidi," alisema Kabatesi. "Ng'ombe wako ameishiwa damu."

Kisha akainamia hadubini, chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Alitazama kioo kimoja muda mrefu, halafu kingine, halafu akarudi kwenye cha kwanza. Languida alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa nguvu.

"Njoo, mama. Fumba jicho moja, tazama kwa lingine."

Languida alitazama. Mwanzoni aliona ukungu. Kisha akaona viduara vingi vya rangi ya waridi.

"Hizo ni chembe nyekundu za damu," alisema Kabatesi. "Tazama pembeni mwa chembe. Unaona nini?"

"Naona... doa. Doa ndogo nyeusi. Na hapa ingine!"

"Hilo doa ni kidudu, na ndicho kinachomuumiza Kirezi. Ugonjwa huu ni ndigana baridi. Kwenye majimaji ya tezi sikuona ikibagarira."

"Si ikibagarira? Muzee jirani yetu alitaka tumupige dawa yake, ama tuchome na chuma."

"Siyo. Na dawa ya ikibagarira isingemponya. Hata kumchoma kwa chuma kungempa maumivu tu. Mngepoteza siku, na ng'ombe mwenye mimba angeweza kuharibikiwa na mimba."

Languida alitazama tena kwenye hadubini. Kisha akauliza, "Na sindano ya huyo muzee? Ile anatumikisha kwa ngombe wengi?"

"Hapo umeuliza jambo kubwa," alisema Kabatesi. "Ndigana baridi huletwa na kupe. Lakini pia hupita kwa sindano yenye damu ya ng'ombe mwingine. Kila ng'ombe na sindano yake mpya."

Alimpigia Onésphore simu palepale. Jioni hiyo Kirezi alipigwa sindano ya dawa inayofaa. Onésphore aliagiza asitembezwe, akae kivulini, apewe maji mengi na majani laini. Languida hakuondoka zizini mpaka alipomwona akinywa. Siku zilizofuata alikula kidogo, halafu zaidi, na ufizi wake ukarudia rangi yake.

Mzee Nzeyimana alikuja kumtazama. Alisikiliza habari yote, hasa ile ya sindano.

"Kumbe nilikuwa nagawa ugonjwa," alisema polepole. "Hiyo sindano mi naitupa leo. Mama Gisubizo, umenisaidia."

Tangu hapo Languida hukagua kupe kila siku: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele. Haendi tena kukata majani pale ambapo ng'ombe wa watu wengi hulala. Straton naye humnyunyizia Kirezi dawa ya kupe, kwa kipimo na kwa ratiba aliyoonyeshwa na Onésphore.

Kirezi alizaa salama. Ndama alikuwa jike, mwenye baka jeupe usoni. Alipoacha kunyonya, kijiji kizima kilikusanyika kumkabidhi. Nyiraneza alivaa kitenge kipya. Aliposhika kamba ya ndama, machozi yalimtoka. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaimba nyimbo za ng'ombe.

Kiongozi wa kijiji akamwita Languida aseme neno. Alisimama wima.

"Ngombe yako akiwa na homa, usikimbilie dawa," alisema. "Ita veterineri. Atoe damu, labo ione, kisha utibu. Mi nimeona huo ugonjwa na jicho langu. Iko ndogo kama vumbi, na ilitaka kutuulia ngombe mbili: mama na mutoto."

Watu walipiga makofi. Baadaye wafugaji walimzunguka Straton na maswali. Kupe gani huleta ndigana? Damu hutolewa wapi? Maabara inafunguliwa lini?

Straton alicheka, akanyoosha mkono kuelekea kwa Languida.

"Mi ni dereva wa viazi tu," alisema, kifua mbele. "Muulize bibi yangu. Yeye ndiye anajua."