Mshale wa Mia Moja

Taa zilipowaka kijani, gari jekundu la spoti lilijivuta kivivu hadi gari la mikate likalipita. Fundi, aliyesimama kando ya barabara na ovaroli ya buluu na kilemba cha manjano, aliangua kicheko. Dereva akashusha kioo.

"Dada, unacheka nini?"

"Uzuri usio na kazi, kaka. Lilete gerejini kwangu."

Dereva alikuwa mwalimu wa hesabu, shati limepigwa pasi, saa mkononi. Fundi alimwonyesha ekseli ya nyuma. "Hapa shafti itokayo kwenye injini inazunguka mara tatu na nusu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Nikikubadilishia meno ya gia, itazunguka karibu mara nne na nusu. Gari litachomoka, ila mbio za mwisho zitapungua."

"Za mwisho sizihitaji. Nimechoka kupitwa na mikate."

Meno yalichukua miezi mitatu kufika. Mwalimu aliyaulizia kila jioni, na kufikia mwezi wa pili hakuna aliyekumbuka anaulizia nini. Walipendana, basi.

Meno yalifungwa siku moja kabla ya safari ya kumwona shangazi aliyemlea Fundi, shangazi ambaye angeondoka siku hiyo kwenda kufanya kazi ng'ambo mwaka mzima. Fundi alitangulia.

"Fika saa sita, mpenzi," alisema kwenye simu. "Robo saa baadaye anaondoka."

"Kilomita mia mbili, mwendo wa mia. Nikitoka saa nne, saa sita nabisha hodi."

Alibisha hodi saa sita na nusu. Shangazi alikuwa ameshaondoka, amenuna.

"Sikushuka chini ya mia njia nzima," Mwalimu alisema.

"Ulilala, halafu unanidanganya."

Mwalimu aligeuza gari akaondoka. Wiki mbili zilipita, na kila simu ilipoita, Fundi aliikimbilia, akakuta si Mwalimu.

Siku moja, akisafisha rafu, alitikisa boksi la yale meno. Likadondosha gia ya plastiki, ndogo kama kizibo. Ni ya mshale unaoonyesha mwendo, na hubadilishwa pamoja na meno; yeye alikuwa ameisahau. Fundi aliketi juu ya tairi. Aliona aibu, na papo hapo akaona furaha. Akapiga simu.

"Mwalimu, mshale wako ukisoma mia, unakwenda themanini. Kosa ni langu."

"Mia mbili kwa themanini..."

"Saa mbili na nusu. Nimeshapiga hesabu. Ulisema kweli nami nikakuita mwongo. Nisamehe, mpenzi."

"Na mimi nimepeleka saa yangu kwa fundi saa mara mbili."

Alikuja jioni hiyohiyo. Fundi, grisi shavuni, alikuwa ameshampigia shangazi na kukiri yote. Akampa Mwalimu simu.

"Siku ile ulikuwa unakuja kuniambia nini?" shangazi aliuliza.

"Kwamba nataka kumwoa huyu."

"Mimi niko mbali. Yeye yuko hapo, mwulize."

Mwalimu akageuka. Fundi alikuwa ameshaingia chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Nimesikia, na nimekubali," alisema kutoka huko. "Ila subiri nifunge hii gia, usije ukachelewa hata harusini."