Chungu cha Mama Hagari

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga nilipotumwa kuchukua chungu. Kazi ndogo tu.

"Minda," alisema Bibi Octavia, "nenda huko vibandani kwenu ukaniletee kile chungu kikubwa cha chuma. Cha miguu mitatu. Leo nataka chumvi."

Chumvi! Vita vilikuwa na miaka miwili. Manowari za Mayankii, wale askari wa Kaskazini, zilikuwa zimeziba bandari, na mabwana zetu, walioapa kupigana mpaka mtu wa mwisho ili sisi tubaki mali yao, hawakuwa na chumvi hata ya kutia kwenye yai. Basi tulikuwa tumechimba sakafu ya kibanda cha kukaushia nyama. Udongo ule ulidondokewa na maji ya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi kwa miaka arobaini. Unauchemsha, unauchuja, unapata chumvi kiganja kimoja, nyeusi, inanuka. Bibi aliyezaliwa kwenye shuka za hariri sasa anakula sakafu. Ningecheka mpaka nikae chini.

Lakini chungu kile nilikijua.

Kilikuwa mlangoni kwa marehemu Mama Hagari, kimelala kifudifudi. Hapo ndipo tulipokuwa tukisali kwa siri. Kusali bila mzungu wa kutusimamia ilikuwa viboko thelathini na tisa, kwa hiyo unakifunika chungu mlangoni, ukingo mmoja unauegesha kwenye kijiwe, na sauti zote zinaingia humo badala ya kutoka nje. Doria ilipita hatua kumi kutoka kwetu, watu ishirini wanalia na kuimba, na haikusikia kitu. Usiamini ukitaka. Mimi nilikuwepo.

Ila kilikuwa na masharti. "Kinachomeza lazima kitapike," Mama Hagari alikuwa akisema. Kila Jumapili kabla ya jua tulikibeba hivyo hivyo, kifudifudi, mpaka kijitoni, tukakiinua maji yakikupwa ili bahari ichukue yaliyomo. Na mtu asipikie humo kamwe. Vita vilipoanza askari wakaweka lindo pale kijitoni. Hatukwenda tena. Kusali tuliendelea, maana nani angeacha kusali wakati ule? Mama Hagari alikufa akinishika mkono. "Kimeshiba, mwanangu," aliniambia. "Kimeshiba."

Na usiku wa jana yake, mbele ya chungu hicho, mume wangu Kwash alikuwa amesema maneno ya kunyongewa. Alipata habari kwamba manowari zingepanda mto Jumamosi alfajiri. Watu wote wakimbilie gatini. Leo ilikuwa Ijumaa. Na Jumatatu Bibi alikuwa amchukue binti yetu Bina, miaka kumi na minne, ampeleke bara, mbali na Mayankii na mbali na mimi. Mtoto wa kwanza nilishanyang'anywa. Tulikuwa na alfajiri moja tu.

Kwash nilimkuta mlangoni anasuka kamba, nikamwambia nilichotumwa.

"Mpelekee kingine, mama Bina," alininong'oneza.

"Amekitaja hiki."

"Mwambie kimetoboka."

"Atakuja kukitazama mwenyewe. Huyo leo ana uchu wa chumvi, hamwachi mtu."

Kwash aliinama akakigusa. Akaurudisha mkono haraka.

"Kina joto," alisema.

"Kimekaa juani."

"Mlango huu haupati jua, Minda. Unajua."

Tulitazamana. Kisha, kwa kuwa hakujua kukaa na hofu bila kuitania, akasema, "Labda nacho kina homa ya kumwona Pruitt."

Pruitt alikuwa msimamizi wetu. Sikucheka.

Nilikibeba kichwani mpaka uani kwa Bibi. Nilikigeuza huku nimefumba macho. Hakikutoka kitu. Ndani palikuwa peusi tu, pakavu. Nikapumua.

Nikatia udongo, nikatia maji, nikawasha moto.

Bibi Octavia alileta kiti akakaa karibu, gauni lake jeusi la msiba limefika chini. Tangu barua ya kifo cha mwanawe Julian ije mwezi wa pili hakulivua. Alikuja kulinda chumvi yake nisiilambe. Pruitt alikuwa kwenye malango ya maji ya shamba, karibu kiasi cha kuitwa akasikia.

Giza likaanza kuingia. Vyura wakaanza.

Kisha wakanyamaza. Wote, kwa mara moja.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilitegemea harufu ya nguruwe. Hii ilikuwa ya watu... jasho, mafuta ya taa, nguo zilizolowa mvua, watu wengi ndani ya chumba kidogo. Nywele zilinisimama. Mvuke ulipanda, na ndani ya mvuke...

Mmmm... mmmm...

Mtu alikuwa anaimba, mdomo umefungwa.

"Nyamaza, Minda," alisema Bibi.

"Siyo mimi, Bibi."

Wimbo ukapanda. Ukapata maneno. Sauti ya bibi kizee, imekwaruza, inakatikakatika kila baada ya maneno matatu kwa sababu ya kifua.

Bibi Octavia alisimama. "Hagari," alisema.

Aliijua. Mama Hagari ndiye aliyemnyonyesha.

"Ni kuni mbichi, Bibi. Zinalia. Turudi ndani, nitaitazama mwenyewe."

"Kaa hapo hapo!"

Zikaja nyingine. Sauti ya mzee Pompei, aliyekufa kwa homa mwaka wa kwanza wa vita, akiomba mguu upone. Sauti ya Sukey akimlilia mtoto aliyezaliwa amekufa. Zilitoka moja moja, hazisukumani, kama watu wanaotoka kanisani. Na hapo nikaelewa.

Zilikuwa zinatoka kwa zamu. Ya zamani kwanza.

Nikaanza kuhesabu. Pompei, kiangazi. Sukey, mavuno. Baada ya Sukey ni Krismasi. Krismasi niliomba mimi. Na wa mwisho kabisa, wa jana, ni Kwash.

Nilivuta kuni. Moto ulipungua, lakini maji hayakuacha kuchemka.

"Rudisha kuni," alisema Bibi. Alikuwa ameinama juu ya mvuke, uso umelowa. Nilidhani angeogopa akimbie. Kumbe alikuwa na njaa. "Wafu hao, siyo? Basi na Julian atakuwepo. Mwache aseme. Mwache mwanangu aseme!"

"Bibi, hayumo humo. Nakuomba tukifunike."

"Ukikigusa nitamwita Pruitt."

Ikatoka sauti ya mwanamke. Ya chini, kavu. Sikuitambua mara moja. Nani aitambue sauti yake mwenyewe?

*Mungu, unamjua Julian. Alimtoa Kato wangu, wa miaka tisa, akapewa farasi. Farasi mwekundu. Naomba asirudi kutoka vitani. Afie mbali. Na mama yake asipate hata kifungo cha koti cha kuzika.*

Barua ile ilisema hivyo hivyo. Kombora la mzinga lilimwangukia. Hapakupatikana kitu cha kuzika.

Nitasema ukweli, maana umri umeshanitoa kwenye uongo. Barua ilipokuja nilifurahi. Nilipika siku ile nikiimba moyoni. Lakini pale, nikiisikia sauti yangu ikitoka kwenye moto, niliona aibu na hofu, na sikujua ipi ni kubwa. Mpaka leo sijui kama nilimuua mtu.

Bibi Octavia aligeuka polepole.

"Ni wewe," alisema.

"Bibi, mimi mpishi tu."

"Ni wewe uliyemla mwanangu."

Na nyuma yake zikapita sauti chache za baada ya Krismasi, kisha chungu kikakohoa. Kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho Kwash kila anapotaka kusema neno mbele za watu.

*Jamani, sogeeni. Sikilizeni vizuri, sitarudia. Ni Jumamosi...*

Bibi akaipanua midomo, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Pru..."

Nilikishika chungu kwa mikono miwili.

Chuma chenye moto. Nilisikia ngozi yangu ikilia kabla sijasikia maumivu. Nilikisukuma, na hapa wengi huniona muongo: mimi nilikisukuma tu. Kupinduka kilijipindua chenyewe. Maji na matope yakamwagika upande wa pili, moto ukazimika kwa kishindo, na chungu kikatua kifudifudi juu ya majivu, sawasawa, kama kilivyokaa mlangoni miaka yote.

Kimya...

Vyura wakarudi kulia.

Nikamtazama Bibi. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Mishipa ya shingo imemtoka, kifua kinasukuma. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Hapakutoka sauti.

Alijishika koo. Akajaribu tena. Nilimwona akitamka jina la Pruitt, nikalisoma kwenye midomo yake, lakini sikusikia hata pumzi. Macho yake yakashuka kwenye chungu. Yangu pia. Kutoka chini ya chuma kile, mbali sana, kulikuwa na kitu kinachovuma kama nzi aliyefungiwa.

Pruitt alikuja kwa sababu ya moshi. "Kuna nini hapa? Chumvi iko wapi?"

Bibi alinionyesha kidole. Kisha akapiga magoti, akaandika kwenye matope, haraka haraka, mistari minne. Pruitt aliinua taa. Alitazama maandishi muda mrefu, akajikuna kidevu.

Pruitt hakujua kusoma. Tulilijua sisi sote, Bibi hakulijua, na mwanamume yule angekula matope yale kuliko kukiri.

"Nimeelewa, Bibi," alisema. Akanigeukia. "Wewe nitakushughulikia kesho."

Kesho yake alfajiri manowari ilipiga honi mtoni. Watu walitoka mashambani mbio, wengine na kuku, wengine na wali ungali unafuka moshi kichwani. Nilitaka tukiache chungu. Kwash alikataa. "Tumwachie nani yaliyomo?" alisema. Alikitoa uani kwa Bibi bila kukigeuza, akakibeba kichwani, kimefunikwa kama kofia, na mkono mmoja amemshika Bina. Gatini baharia mmoja alitaka kukigeuza aone tumeficha nini. Nilipiga kelele mpaka akarudi nyuma. "Huyu mama ana wazimu," alisema. Bina alimwambia, "Ndiyo, bwana, ana wazimu. Tuvushe tu." Tukavuka.

Miezi miwili baadaye Kwash alivaa koti la bluu la askari wa Mayankii. Alikufa mwaka ule ule kwenye mchanga, mbele ya ngome. Hakupigwa picha. Hakujua kuandika, kwa hiyo hakuna barua.

Imepita miaka thelathini na moja. Nina nyumba yangu ya mbao kisiwani, mlango umepakwa rangi ya bluu. Bina ni mwalimu, na wanawe wawili wanajua kusoma kuliko Pruitt. Yeye husema nilikuwa na homa siku ile. Bibi Octavia, husema, alipotewa na sauti kwa msiba wa mwanawe, madaktari wanajua hali hiyo. Alikaa bubu miaka kumi na mmoja kisha akafa. Huenda Bina yuko sahihi. Mikono yangu ina makovu, na hayo hayabishi.

Chungu kiko uani kwangu, kifudifudi, juu ya mawe matatu. Tangu aje kukaa nami, Bina ameniomba tukipeleke ufukweni maji yakikupwa, tumalize, kama Mama Hagari alivyofundisha. Ni haki kabisa. Kila Jumapili namwambia, wiki ijayo.

Kwa sababu Kwash yumo humo.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Waliotangulia walishatoka. Zamu inayofuata ni yake. Alikatizwa, kwa hiyo ataanza upya: atakohoa, atasema jamani sogeeni, atatueleza habari ya alfajiri, maneno kama thelathini hivi. Baharini yangepotea. Kwenye moto ningeyasikia. Nimeanza kuisahau sauti yake, nawaambieni. Uso ninao bado. Sauti inaniponyoka.

Lakini baada yake ni Bibi. Ukelele ule wote, haujapungua, na mwenyewe hayupo tena wa kuupokea. Sauti isiyo na mwenyewe itatafuta koo. Hapa nyumbani yupo Bina, wapo watoto. Ningehitaji kuwa mwepesi: kumsikia mume wangu mpaka neno lake la mwisho, kisha kukifunika kabla Bibi hajavuta pumzi. Na mimi ni kizee, vidole vyangu havikunjiki.

Kwa hiyo jioni hukaa kando yake tu. Naweka sikio kwenye chuma. Upande mmoja kunavuma. Upande mwingine, siku zenye bahati, nasikia kama mtu anakohoa.

Sijakigusa. Niliapa kwa uhai wa wajukuu zangu.

Ila asubuhi ya leo nimeamka na masizi kwenye viganja vyote viwili, yameingia mpaka ndani ya makovu. Uani, katikati ya mawe matatu, kuna kuni zimepangwa vizuri, jinsi ninavyozipanga mimi.

Na Bina bado hajaamka. Nimesimama mlangoni pake muda mrefu, nikimsikiliza anavyopumua, naogopa kumwita, asije akaniitikia kwa sauti isiyo yake.