Chumvi ya Mwezi wa Aprili

Kitendawili! Ndugu wawili, nyumba yao moja. Mmoja akiingia mwenziwe hutoka, wala hawagombani. Fikiri, jibu utalisikia.

Hapa kwetu Nicoya, jioni ya kufunga mwaka mimi hupanga mafungu kumi na mawili ya chumvi ubaoni, kila mwezi fungu lake, nikayaacha uani. Alfajiri tunatazama: fungu lililolowa, mwezi wake una mvua, lililo kavu, jua. Mjukuu mmoja hunisaidia kupanga. Marielos, ninayeishi naye, alikuwa akiingoja kazi hiyo kwa hamu.

Lakini binamu yake Fabiola alikuja likizo kutoka mji mkuu, nikampa yeye. Mgeni ni mgeni.

"Eti Fabiola!" Marielos alinung'unika. "Huyo anayemkimbia jogoo!"

"Njoo basi tupange wote," Fabiola akamwambia.

"Panga mwenyewe, malkia wa chumvi!"

Usiku ule hakula chakula. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki. Alfajiri, sisi tukichoma chapati za mahindi, alitangulia uani, akachovya vidole majini, akalinyunyizia fungu la Aprili. Aprili kwetu ni vumbi tupu. Alitaka Fabiola achekwe.

Nilipoliona, nilishtuka. "Nani ameigusa chumvi hii?"

"Si mimi, bibi!" Fabiola akaangua kilio.

Marielos alirudi jikoni kugeuza chapati. Lakini mwanangu Eladio, baba yake Marielos, hakucheka; alipiga makofi. "Mvua ya mapema! Mwaka huu nitapanda mahindi kabla ya wote."

Fabiola alirudi kwao macho mekundu. Pasaka ilipofika, hakuja.

Aprili ikaingia. Nyenje walilia mchana kutwa, ardhi ikapasuka nyufa, mbinguni hapana hata wingu. Asubuhi moja Eladio alijitwika buyu la mbegu, mbegu yetu yote.

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia.

"Chumvi imeshasema, mama."

Marielos alikuwa akipukuchua mahindi nami, bakuli mapajani. Nikamtegea kile kitendawili. Akashindwa.

"Kiangazi na mvua," nikasema. "Mmoja hutuoteshea mahindi, mwingine hutukaushia. Lau mmoja angemwonea mwenzake wivu, akamwibia mwezi wake, tungekula nini? Zamu ya mtu haipotei, mjukuu wangu. Huchelewa tu."

Bakuli likamwanguka. Alikimbia, akamshika baba yake mkono.

"Baba, usipande! Mbegu zitaungua!"

"Wewe umejuaje? Fungu lililowa, nililiona kwa macho yangu."

Machozi yalimtiririka Marielos mpaka kidevuni. Eladio alimtazama, kisha akaliteremsha buyu polepole, akaliweka chini kivulini.

Nikamsogelea, nikamuuliza kwa upole lile swali la siku ile: "Nani aliigusa chumvi, Marielos?"

"Ni mimi, bibi. Fabiola hakuigusa. Mwambieni arudi."