Aliyerusha Barafu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tulinagwe alikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe, akachota maji, kisha akamwamsha mdogo wake, Godwin. Kwao ni Mpuguso, kijiji kilicho nje ya mji wa Tukuyu, na kufika shuleni ilimbidi atembee karibu saa nzima, mara nyingi kwenye mvua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye mikono yenye nguvu. Mikono hiyo ilikuwa imempa sifa mbaya. Mwezi wa tisa alimpiga Jackson kwa rula ya mwalimu mpaka akamchubua sikio, kisa Jackson alimcheka alipokosea kusoma.

Lakini mikono hiyo hiyo ilijua kuchora. Mwalimu Sato, Mjapani aliyewahi kuwafundisha hisabati kwa miaka miwili, alikuwa ametuma barua kutoka kwao. Mji wake, ulioko kaskazini mwa Japani, ulitaka kuwaalika wanafunzi wawili kwenye sikukuu ya theluji, mwezi wa pili. Shule ikafanya shindano la kuchora. Tulinagwe alichora mlima Rungwe ukiwa na mawingu, akashika nafasi ya kwanza. Wa pili alikuwa Rahima, binti wa Mzee Bushiri, muuza vitambaa wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Beatrice, ndiye aliyeteuliwa kuwapeleka.

Watu wa Tukuyu hudhani wanaijua baridi. Tulinagwe naye alidhani hivyo, mpaka aliposhuka kwenye treni katika mji wa Mwalimu Sato na kuhisi pua yake ikikakamaa. Theluji ilikuwa imerundikana kando ya barabara kwa kimo cha mtu mzima. Watoto wa mji walikuwa wamechimba vibanda ndani ya malundo yale, na humo walikaa wakichoma mikate midogo ya mchele kwenye jiko la mkaa na kuwakaribisha wapita njia.

Walifikia nyumbani kwa kaka yake Mwalimu Sato. Huyu alikuwa na mtoto wa kiume anayeitwa Kaito, wa miaka kumi na miwili. Kaito hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini siku ya kwanza aliwaonyesha mwenge wa mabua ya mpunga alioufunga mwenyewe kwa kamba. Mwalimu Sato akawaeleza: "Jioni ya kesho wanaume wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini watapigana kwa mianzi. Ndiyo desturi yetu tangu zamani. Wakimaliza, mtoto mmoja huwasha moto mkubwa. Mwaka huu ni Kaito. Ameisubiri siku hii tangu akiwa mdogo."

Kesho yake mchana watoto walicheza vita vyao. Walijenga kuta mbili za theluji, wakagawanyika. Tulinagwe na Kaito walikuwa upande mmoja, Rahima upande wa pili.

"Theluji laini tu," Mwalimu Sato aliwaambia. "Hakuna barafu, wala hakuna kulenga uso."

Mabonge ya theluji yalianza kuruka. Mwanzoni ilikuwa kicheko kitupu. Halafu bonge la Rahima likampata Tulinagwe mdomoni, barabara, mpaka theluji ikamwingia puani. Watoto wa upande wa pili wakashangilia. Rahima akaruka juu ya ukuta akiiga jinsi mwenzake alivyokohoa.

Tulinagwe aliona giza. Kwenye ukingo wa paa la banda la jirani ilining'inia barafu, ngumu na yenye ncha. Alivunja kipande cha ukubwa wa ngumi, akakiviringisha ndani ya theluji, akakirusha kwa nguvu zake zote.

Rahima alianguka chali bila kupiga kelele. Alipoinuka, nyusi yake ya kushoto ilikuwa imepasuka, na damu ilimtiririka shavuni ikadondoka kwenye theluji nyeupe.

Mwalimu Sato alikuja mbio, akaokota kile kipande cha barafu. "Nani amerusha hiki?"

Tulinagwe alifikiria kurudishwa nyumbani, alifikiria baba yake. Kaito alikuwa amesimama karibu naye, bonge la theluji bado mkononi.

"Ni Kaito," alisema.

Kaito alisikia jina lake, akatazama huku na huku. Baba yake alipomwuliza kwa Kijapani, alikana, akakana tena. Lakini nani angemkatalia mgeni aliyetoka mbali kiasi kile? Rahima alipelekwa zahanati akashonwa nyuzi nne. Daktari alisema kama barafu ingeshuka kidogo tu, jicho lingepotea. Kaito akanyang'anywa mwenge wake. Baba yake aliuchukua, akampa mtoto wa jirani.

Jioni uwanja ulijaa watu. Wanaume wa mitaa miwili walijipanga wakitazamana, wamevaa kofia ngumu na makoti mazito. Kila mmoja alishika mwanzi mbichi, mrefu kupita nyumba. Kengele ikalia, wakavamiana.

Tulinagwe hakuwahi kuona kipigo cha namna ile. Mianzi ilipanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, ikipasuka juu ya vichwa na mabega kama milio ya bunduki. Mwanamume mmoja alipiga magoti, akapigwa tena mgongoni kabla hajainuka. Mwingine aliburutwa pembeni akishika mkono wake. Vipande vya mianzi viliruka mpaka kwa watazamaji. Baba yake Kaito alikuwa mstari wa mbele, akipiga na kupigwa, na ghafla mwanzi mmoja ukapenya chini ya kofia yake ukampiga puani. Damu ikamlowesha kidevu. Aliendelea kupigana.

Kengele ikalia tena. Mianzi yote ikateremshwa, na uwanja mzima ukasikika ukihema.

Kisha mtu mmoja mnene akatoka upande wa pili. Alivuka uwanja peke yake, akasimama mbele ya baba yake Kaito, akavua kofia na kuinama sana.

"Anasema nini?" Mwalimu Beatrice aliuliza.

"Anasema, pua hiyo nimeivunja mimi," alijibu Mwalimu Sato. "Hakuna aliyemwona kwenye msukosuko ule. Amekuja mwenyewe."

Tulinagwe alitamani ardhi immeze. Mtoto wa jirani akaupeleka mwenge, moto ukawaka, watu wakapiga makofi. Kaito alisimama nyuma ya wote, akitazama miguu yake.

Rahima naye alikuwa akimtazama Kaito. Bandeji ilimfunika nusu ya paji la uso, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama akaokota kipande cha mwanzi uliovunjika. Kabla mtu hajatambua nia yake, alimfikia Kaito akamchapa begani, kisha sikioni. Kaito alianguka akijikinga kwa mikono. Rahima akainua mwanzi mara ya tatu.

Tulinagwe alijitupa katikati. Mwanzi ulimshukia kwenye mkono, na maumivu yakampanda mpaka shingoni.

"Mwache," alisema. "Siyo yeye. Ni mimi niliyerusha."

"Wewe?" Rahima aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Ni mimi, Rahima. Niliweka barafu makusudi. Nikamsingizia."

Rahima alimpiga mara moja zaidi, begani, kwa nguvu zilezile. Kisha mwanzi ukamdondoka, akaanza kulia. Mwalimu Beatrice aliwafikia, akawashika wote wawili.

Mwalimu Sato alitafsiri kila neno mbele ya familia ya Kaito, na Tulinagwe alipiga magoti kwenye theluji kama anavyosalimia wakubwa kwao Mpuguso. "Mwambie naomba anisamehe. Mwakani awashe yeye."

Kaito alijibu kwa sauti ndogo. Mwalimu Sato akatafsiri.

"Mwenge hubebwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Mwakani atakuwa amepita umri. Lakini anasema amekusikia."

Asubuhi, walipokuwa wakifunga mizigo, Kaito aliwaletea mikate ya mchele. Alimpa Rahima wa kwanza, naye Rahima akainamisha kichwa na kugusa sikio lake mwenyewe kumwomba radhi. Kaito akasitasita, kisha akampa na Tulinagwe.

Waliporudi Tukuyu, Tulinagwe hakungoja kuitwa. Siku iliyofuata alikwenda na baba yake, Mzee Yohane, mpaka dukani kwa Mzee Bushiri. Mkono wa Tulinagwe ulikuwa bado umevimba. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo baba," na baada ya kuitikiwa akaeleza yote tangu mwanzo, bila kuruka neno. Rahima alisimama karibu na meza ya kukatia vitambaa, kovu likionekana juu ya jicho.

"Ndaga, Bushiri, kwa kutusikiliza," Mzee Yohane alimshukuru. "Sina la kujitetea."

Mzee Bushiri alimgeukia binti yake. "Na wewe, yule kijana ulimwuliza kabla ya kumpiga?"

"Sikumwuliza, baba."

"Basi nyote wawili mmekosa." Alikunja kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakiweka kando. "Tulinagwe, kovu la mwanangu nimekusamehe, kwa sababu damu hukauka na nyama huunga. Ila yule mtoto mlimpora kitu kisichorudi. Wewe ulimpora kwa uongo, na Rahima akamwongezea kipigo kwa kuuamini uongo huo. Watu wazima kule walipasuana pua, lakini waliachana marafiki, maana mkosaji alivuka uwanja akasema ni mimi. Neno hilo ni dogo, wanangu. Lakini likisemwa mapema huzuia fimbo ya pili. Wewe ulichelewa, na fimbo zikamwangukia asiye na kosa."

Tulinagwe aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, baba."

"Sasa mkae," alisema Mzee Bushiri, akavuta benchi. "Rahima, waletee wageni chai."