Kifungo cha Sita

Jioni ile nilitoka kwenda kununua vifungo.

Duka la vifaa vya ushonaji liko hatua mia mbili na kumi kutoka kibandani kwangu. Nilizihesabu. Mtu ambaye macho yake yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho hujifunza kuhesabu: hatua, ngazi, mashimo ya barabarani. Dunia yangu ilikuwa nyuma ya kioo kilichopuliziwa pumzi. Watu walikuwa vivuli, nami niliwatambua kwa sauti.

"Vifungo sita vyeusi," nilimwambia muuzaji.

"Fundi, si kesho unafanyiwa upasuaji? Vifungo vya nini tena?"

"Mteja hangoji."

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda changu. Binti yangu nilimfundisha tangu alipokuwa akiniokotea pini sakafuni kwa sumaku. Chakula kitangoja, usingizi utangoja, mteja hangoji.

Niliporudi, mteja alikuwa ameshaketi.

Sikumwona. Nilimnusa. Harufu ile... kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Katika kibanda cha fundi, harufu hiyo haimshtui mtu.

"Umechelewa," alinong'ona.

Alianza kuja miezi minane nyuma, siku zile niliposhindwa kutia uzi kwenye sindano. Alitokea tu wakati wa magharibi, akakaa kwenye benchi, akasema, "Mimi nitakutilia uzi. Wewe nishonee gauni. Kwa mkono, si kwa cherehani." Kitambaa alileta mwenyewe. Uzi pia ulikuwa wake, mwembamba, unaoteleza. Nilimpima kwa njia yangu mpya: kwa kuwa sikuweza tena kusoma namba, kila mteja nilimkatia kamba yake na kuifunga fundo kwa kila kipimo, bega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mkasi wa asubuhi. Nikajiambia, wapo watu wa hivyo.

Alikuja kila magharibi, na kila mara aliondoka kabla binti yangu hajafika. Kandambili moja ya binti yangu ilikatika ukanda, akaufunga kwa waya, kwa hiyo tulimsikia kutoka mbali. Pa... cha. Pa... cha. Sauti ile ikifika barazani, benchi lilikuwa tupu.

Jioni ile nilishona vifungo vitano.

"Kesho wanakufungua jicho," alinong'ona.

"Nani kakwambia?"

"Malizia kwanza."

Mkono wake ukaja juu ya wangu, ukanisukumia sindano. Kifungo cha sita kilikuwa tayari kwenye kidole changu.

Pa... cha. Pa... cha.

Mkono ukaondoka.

"Mama, unaongea na nani?" binti yangu aliuliza mlangoni.

"Na mteja. Hukupishana naye?"

"Nimepishana na paka. Labda ndiye anayeshonesha gauni." Alicheka, kisha akakaa chini ghafla, akihema. Siku hizi alichoka upesi. "Weka sindano chini, mama. Alfajiri tunatakiwa hospitali. Huyo mteja wako akingoja mara moja tu, hatakufa."

Nikaiweka chini.

*

Walianza na jicho la kulia. Walinitia matone, wakanichoma sindano ya ganzi, wakanifunika uso kwa shuka lenye tundu moja.

"Leo fundi ni mimi," daktari alisema. "Wewe ni kitambaa. Na kitambaa hakisogei."

"Ukikosea kukata, nitakudai kitambaa changu," nilimjibu. Muuguzi akacheka.

Kisha mwanga. Mwanga tu, mweupe, unaoyeyuka kama barafu. Nilisikia mashine ikinung'unika, maji yakipita, chuma kikigusa chuma.

Na harufu.

Pasi juu ya kitambaa...

"Kuna kitu kinaungua?" niliuliza.

"Tulia, fundi. Hakuna kinachoungua humu."

Asubuhi yake walinifungua bendeji. Niliona ukuta, kumbe ni wa kijani. Niliona nyufa za ukuta. Niliona chunjua kwenye kidevu cha muuguzi, nikataka kuibusu chunjua ile kwa furaha. Nikageuka kumtazama mwanangu.

Furaha yote ikanitoka.

Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Mifupa ya shingo ilisimama kama henga la nguo. Alikuwa akilia kwa furaha, anacheka na kulia pamoja, na kitambaa cha kichwani kikateleza. Nywele zake, zile nyingi alizozipaka rangi nyekundu nchani mwaka jana, hazikuwapo. Vimebaki viraka.

"Tangu lini?" nilinong'ona.

"Zinakatika tu, mama. Ni uchovu. Sikutaka kukutia wasiwasi. Ungefanya nini na macho yale?"

Daktari alinipa masharti: nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, nisifikiche jicho, nisishone kwa wiki mbili. Niliitikia kila kitu. Sikusikia hata kimoja.

*

Tulipofika nyumbani binti yangu alijilaza. Mimi nikaingia kibandani.

Gauni lilikuwa limetundikwa pale nilipoliacha. Nililisogeza dirishani, nikalitazama kwa jicho langu jipya, mshono kwa mshono.

Haukuwa uzi.

Zilikuwa nywele. Unywele mmoja umeungwa kwa mwingine kwa vifundo vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Nyeusi, nyeusi... na kila baada ya kipande, nchani, rangi nyekundu.

Miezi minane. Kwa mikono yangu.

Nikatoa kamba ya yule mteja, nikatoa kamba ya binti yangu niliyompimia sare ya kazini. Nikazilaza pamoja juu ya meza. Bega kwa bega. Kifua kwa kifua. Fundo halikupishana na fundo.

Nikachukua wembe. Nitafumua, nilisema. Nilichokishona najua kukifumua. Nikakata mshono mmoja tu, wa begani.

"Aaai! Mama!"

Nilikimbilia chumbani kwake, nikamkuta ameshika kichwa. Damu ilikuwa ikichuruzika nyuma ya sikio, tone moja, kisha la pili.

"Kama mtu kaning'oa," alisema, akijaribu kutabasamu.

Siwezi kulifumua. Siwezi kulimaliza. Nilikaa sakafuni nikilishika gauni lile kama mtu aliyeshika kisu kwa makali.

Magharibi benchi lililia. Nililitazama kwa jicho jipya: tupu. Nikalifunika jicho hilo kwa kiganja, nikatazama kwa jicho la kushoto, lile lenye ukungu bado.

Alikuwa ameketi. Kivuli kirefu, kichwa kimeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza.

"Kifungo kimoja," alinong'ona.

"Sishoni. Daktari amenikataza."

"Nitangoja."

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi? Nilitia uzi tu. Aliyeshona ni wewe."

*

Nililifungia gauni kwenye sanduku la bati. Kwa binti yangu nilisema maneno matatu tu: "Usiliguse lile gauni." Sikumweleza sababu. Ningeanzaje? Kwamba mimi mama yake ndiye niliyekuwa nikimnyonyoa, jioni baada ya jioni, huku nikiimba? Nilimwona akinitazama kwa huruma. Alidhani nasumbuliwa na kazi iliyolala.

Siku ya nane nilitakiwa kurudi kupimwa jicho. Yeye hakuwa na nguvu za kutembea, jirani akanisindikiza. Daktari alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, mpaka ule wa mwisho, mdogo kama mchanga. Wauguzi wakanipigia makofi. "Sasa utaona hata yasiyokuhusu!" mmoja alisema, chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Nilimuaga jirani barabarani.

Binti yangu alikuwa mlangoni pa kibanda, amesimama wima.

"Mama! Nimekufanyia jambo."

Nyuma yake sanduku la bati lilikuwa wazi. Ufunguo niliuweka kwenye kopo la dawa zangu za matone. Yeye ndiye aliyekuwa akinitia matone.

"Yule mteja wako alikuja. Maskini, kangoja wiki nzima! Nikamwambia mama hajaruhusiwa kushona. Akasema kumebaki kifungo kimoja tu, hata mtoto angeweza. Nikakishona mwenyewe. Akalijaribu hapa hapa, limemkaa kama ngozi." Akacheka. "Mteja hangoji, si ulinifundisha?"

Nikamkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo. Sijachoka. Kichwa hakiumi tena, tazama..."

Akavuta kitambaa cha kichwani.

Nywele zikamwagika mabegani. Nyingi, nyeusi, nyekundu nchani. Mashavu yamejaa. Ngozi inang'aa. Alikuwa mzuri kuliko siku yoyote niliyowahi kumwona. Nilitaka kuamini. Nilitaka sana kuamini.

Akanishika mkono.

Baridi. Kama mkasi wa asubuhi.

Polepole nikainua kiganja, nikalifunika jicho zima. Nikatazama kwa jicho la ukungu.

Kivuli kirefu, kichwa kimeinamia upande mmoja.

"Usijisumbue na hilo jicho bovu, mama," alisema kwa sauti ya mwanangu. "Nimeshakuandikisha. Wanalifungua Jumatatu."

*

Leo ni Jumapili. Majirani wananipongeza: mama anaona, mwana amepona. Nilipojaribu kumweleza yule jirani aliyenisindikiza, alinishika bega akaniambia dawa za hospitali huchanganya watu wazima, zitaisha tu mwilini.

Sasa hivi ni magharibi. Yeye ameketi kwenye benchi, hajawasha taa, ananitilia uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine. Hakosei tundu hata mara moja. Kuna harufu ya pasi, na pasi iko baridi.

Na nje...

Pa... cha. Pa... cha.

Inatoka mbali, inakaribia. Inafika barazani. Inasimama.

Nimefumba jicho zima, nimeelekeza lile lingine mlangoni. Kuna kitu pale. Kidogo, chembamba, kimeegemea nguzo. Kesho asubuhi sitakuwa na jicho la ukungu la kukionea.

"Mwanangu?" nanong'ona.

"Nipo hapa, mama," inajibu sauti ya kwenye benchi. "Huko nje hakuna mtu."