Kilichofukiwa Chini ya Mtungi

Kila asubuhi Klara aliteka maji kwenye kisima cha mchangani, katika mto mkavu wa Ulemo. Ilikuwa Oktoba, zama za Mwingereza, na jua la mwaka ule halikuwa na huruma. Ilimbidi achimbe kwa kata mpaka kiwiko kizame ndipo maji yatokeze.

Tangu shangazi Yustina ahamie kwao kutoka Manyoni, mtungi haukumaliza siku una maji. Shangazi alikunywa kata kwa kata. Lakini togwa alikataa, na asali alikataa. Nani katika Iramba hukataa asali? Tena alipomwaga kopo lake la mkojo wa usiku nyuma ya nyumba, sisimizi walikusanyika pale kama walioitwa.

Klara alimtazama kwa jicho la pembeni. Kisha alfajiri moja akamwona akifukia kitu kwenye mchanga ulioshikilia mtungi, huku akigeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Wiki ile ile Kefa, mdogo wake Klara, akashikwa na homa.

Kisimani Klara alimweleza rafiki yake Dorika.

"Dawa ya kuponya huwekwa kabatini," alisema Dorika. "Inayofukiwa ni ya kumaliza watu. Kefa ameanza, wewe utafuata."

"Yule ni shangazi yangu, Dorika."

"Hata fisi ana shangazi. Bibi yangu husema kitu kama hicho kianikwe juani kutwa nzima, nguvu zake zitakwisha."

Jumamosi, baba alipokwenda shambani na shangazi kufagia kanisa, Klara alichimbua. Alipata chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa kibichi, na ndani yake chupa ndogo ya kioo yenye maandishi ya Kizungu. Aliiweka juu ya jiwe nyuma ya zizi, akaiacha jua liichome mpaka jua lilipokaribia kuzama. Aliposikia sauti ya shangazi njiani, aliirudisha haraka, akasawazisha mchanga. Moyo wake ulitulia. Kefa angepona.

Jioni, ugali wa uwele ukiwa motoni, Klara alichungulia mlangoni mwa shangazi. Shangazi alikuwa amechemsha sindano. Alitoa chupa, akaigusisha shavuni.

"Mbona ina joto?" alijisemea. "Jua la leo limefika hata chini ya mtungi."

Akavuta dawa, akapandisha kanga, akaelekeza sindano kwenye paja lake mwenyewe.

Klara aliduwaa. Mchawi gani hujichoma mwenyewe? Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Alijua pia fimbo ya baba ilipo.

"Shangazi, usijichome. Niliianika juani."

Sindano ilisimama. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Nilidhani umemroga Kefa."

Shangazi aliweka sindano chini polepole. Baba, Zefania, aliposikia aliingia, na shangazi akaeleza yote bila kupandisha sauti.

"Nina ugonjwa wa sukari, mwanangu. Sukari inanizidi mwilini hadi inatoka kwenye mkojo, na sisimizi wanaifuata. Dawa hii ndiyo inayonishikilia, nayo joto huiua. Mganga wa hospitali alisema niiweke penye ubaridi, na nyumba hii haina penye ubaridi kuliko hapo. Ningejichoma dawa iliyokufa wiki nzima nikidhani niko salama, mngenizika."

Baba alitoka usiku ule ule. Alipanda baiskeli kwenda hospitali ya misheni.

Kulipokucha midomo ya shangazi ilikuwa imekauka, na alikuwa ametapika mara mbili. Klara alikaa karibu naye, akimnywesha maji kidogo kidogo, macho yake njiani. Jua lilipofika juu ya zizi, baba alitokea na kibuyu kilichoviringishwa gunia bichi. Ndani mlikuwa na chupa mpya. Alileta pia vidonge vya malaria vya Kefa.

Jioni shangazi aliweza kuketi. Klara alingoja fimbo.

"Ulistahili kuchapwa kwa kuchimbua cha mtu," alisema baba. "Lakini ulisema kweli kabla sindano haijaingia, na kweli hiyo imetuachia shangazi yako. Siku nyingine ukishuku jambo, uliza. Kuuliza hakutozwi kodi." Kisha akamgeukia shangazi. "Nawe dada, anayeficha huwapa wenzake kazi ya kubuni."

"Niliogopa kuitwa mgonjwa," shangazi alicheka kwa sauti dhaifu, "nikaitwa mchawi."

Tangu siku ile, kila adhuhuri Klara alimwagia mchanga wa chini ya mtungi kata moja ya maji, ubaki na ubaridi. Dorika alipomkuta akifanya hivyo, alirudi nyuma hatua mbili.

"Bado kile kitu kimo humo?"

"Kimo," alisema Klara. "Shangazi huyo uani. Mwamkie, kisha umwulize mwenyewe."