Chungu cha Lipovka

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Jepkosgei alilelewa hivyo kwao Kapsabet, na hata alipohamia Maryland, mahali watu wanapoishi ukuta kwa ukuta miaka nenda miaka rudi bila kujuana majina, hakuiacha adabu hiyo. Mpe sukari kwenye kikombe, kikombe kitarudi na mayai. Mpe mboga kwenye bakuli, bakuli litarudi na maandazi. Adabu ni nzuri, jamani, nani atabisha? Lakini adabu nayo ina siku yake ya kukuuza.

Basi jioni moja ya Desemba, mwaka wa tisini na nane, saa kumi na moja tu na giza limeshatanda kama ilivyo baridi za kule, alitoka kwenye fleti yake ya Gaithersburg akiwa amekumbatia chungu cheusi cha udongo. Ndani mlikuwa na chapati za moto, amezifunika kwa kitambaa safi. Chungu kilikuwa cha Bi Agrafena, ajuza wa Kirusi ambaye Jepkosgei alikuwa akimhudumia kwa mshahara: kumwogesha, kumpa dawa, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Juzi yake ajuza alikuwa amemjazia matango ya siki humo, akamwambia peleka ukale na mtoto.

Mtoto ndiye aliyekuwa roho ya Jepkosgei. Alishazika wawili kabla hawajatambaa, ndipo akampata huyu Jeptoo, miaka minne sasa, mdomo mwingi. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, lakini jibu lake ni Kiingereza tu, hata umfinye. Kanisani Jepkosgei alikuwa akisema wazi, bila aibu: Mungu achukue vyote, huyu aniachie.

Mungu hahusiki na yaliyofuata. Msimsingizie.

Alimkuta ajuza peke yake dirishani. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, na mwana na mkewe walikuwa bado kazini. Mkewe huyo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza.

"Nyanya, chungu chako hiki hapa."

Ajuza alikipokea kwa mikono miwili. Akakipima uzito kwanza. Halafu akafunua kitambaa, akaziona chapati, na machozi yakamtoka.

"Umepika wewe?" Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza, mmoja akikivunja kwa Kirusi, mwingine kwa Kinandi.

"Mimi mwenyewe."

"Kwenye jiko lako? Nyumbani kwako?"

"Kwangu, Nyanya. Kwani wapi tena?"

Bi Agrafena akambusu mkono. Midomo yake ilikuwa baridi. Jepkosgei akaona haya, akacheka, akafurahi kwamba kizee yule mkavu alikuwa na moyo kumbe. Maskini. Alipewa hata hadithi jioni ile, yeye aliyekuwa haambiwi kitu ila "maji" na "choo".

Aliambiwa kuhusu Lipovka, kijiji cha nyumba za mbao nje ya Moscow. Kila nyumba ilikuwa na jiko la udongo kubwa kama kitanda, na chini ya kila jiko aliishi Babu wa Nyumba. Si mtu. Ni mwenye nyumba wa kweli, mfupi, ana manyoya, anatunza ng'ombe na watoto mradi apewe mkate na joto. Wanawake wa Lipovka walilima matango, wakayapeleka mjini kwa mkokoteni. Zamani mji ulikuwa mwanga tu huko mbali. Halafu wakaanza kusikia kengele za tramu. Halafu basi likawa linageuzia kisimani kwao. Halafu, kiangazi kimoja, zikaja mashine.

"Tulipewa funguo za ghorofa," ajuza akasema. "Watu walifurahi. Maji ukutani! Choo ndani! Makaburi wakayamwagia lami. Nyumba wakazichoma. Vijana wakasahau kumwita Babu wao. Tulipita jioni, tukasikia vilio kwenye majivu. Mama yangu peke yake ndiye hakusahau. Alichota makaa chini ya jiko, akayatia kwenye chungu, akamwambia twende, Babu, tuna kwetu kupya."

Jepkosgei akakitazama chungu.

"Hiki hiki?"

Ajuza akatabasamu, akakatakata chapati vipande vidogo. Hakula hata kimoja.

* * *

Jeptoo alikuwa kwa Mize, mlango wa kutazamana. Mize alikuwa Mzanzibari, mama wa binti mmoja aitwaye Yumna, wa miaka miwili, na ndiye aliyemwangalizia Jepkosgei mtoto saa za kazi. Usiku ule Mize alimvusha Jeptoo koridoni mwenyewe, akasimama kizingitini, pua juu.

"Shoga, kwako kunanuka moshi wa kuni. Umechoma nini?"

"Moshi gani? Jiko langu la umeme."

"Moshi," Mize akasema. "Na kondoo aliyeloa."

"Swaumu inakutesa. Hata haijaanza unasikia harufu za nyama!"

Mize hakucheka. Akarudi kwake.

Jepkosgei alipofunga mlango ndipo na yeye akasikia. Si harufu. Sauti. Chini ya jiko...

Kwaru.

Kwaru... kwaru...

Panya, akajiambia. Akapiga teke jiko, sauti ikakoma. Asubuhi Jeptoo aliamka mdomo umemkauka, akasema kwa Kiingereza chake kwamba yule babu ni mzito.

"Babu gani?"

Babu anayekaa chini ya jiko, mtoto akasema. Chini ya jiko ni baridi. Kwa hiyo anakuja kulala juu yangu.

Siku zilizofuata mtoto alisinyaa kama nguo iliyochemshwa. Hakula. Pumzi ilimtoka kwa mluzi. Daktari alisikiliza kifua, akasema pumu, akatoa dawa ya kuvuta. Jepkosgei alimfunua nguo nyumbani akakuta kifua kimebonyea katikati, na pale palipobonyea ngozi ni baridi, na kuna unywele mmoja wa mvi, mrefu, mgumu.

Aliomba. Alifunga. Alipaka mafuta miimo ya milango. Kisha akaketi kitandani akimkumbatia mwanawe, akahisi uzito unapanda taratibu juu ya mikono yake, unajiweka sawa, unapumua.

Hapo akakumbuka ajuza alivyokipima chungu.

* * *

"Umeniwekea nini nyumbani kwangu?"

Bi Agrafena hakujitia kutojua. Hilo nalo ni ushenzi wa aina yake.

"Jiko la ghorofani halikuwa na udongo," akasema. "Babu hakupata pa kulala. Akapanda kifuani mwa mdogo kuliko wote. Nilikuwa na mtoto, Alyosha. Baada yake Babu alitulia. Hutulia nyumba isipokuwa na mtoto. Nikaendelea kumlisha Babu, na mwanangu mwingine akalelewa kwa shangazi yake, mbali. Nilipokuja Amerika niliacha kila kitu ila chungu, na yeye akaja nacho. Sasa mke wa mwanangu ana mimba."

"Kwa hiyo ukamleta kwangu!"

"Alikuja na matango. Lakini mgeni si mwenyeji. Chungu kingerudi kitupu, angerudi ndani yake. Nyumba ikikirudisha na chakula, imemkubali." Akamtazama Jepkosgei bila chuki yoyote. "Si nilikuuliza? Nilikuuliza kwenu chombo hurudishwaje. Ulijisifu, binti yangu. Ulisema hata maskini wa kwenu hakirudishi kitupu."

Kweli aliuliza. Alikuwa anaogeshwa siku hiyo, na Jepkosgei akamweleza kwa fahari, sabuni mikononi.

"Nina mtoto mmoja, Nyanya. Mmoja!"

"Na mimi nina mjukuu mmoja, hajazaliwa."

"Nitakivunja."

"Kivunje. Atakuwa hana pa kutokea." Ajuza akainama, akakitoa chini ya blanketi lake, akakiweka juu ya mapaja. "Kichukue. Jambo hili ulilifanya bila kujua, sasa lifanye unajua. Kijaze chakula jikoni kwako, naye ataingia; kisha tafuta mtu mwenye adabu kama yako."

Jepkosgei alikichukua. Kabla ya kuondoka aligeuza kiti cha magurudumu, uso wa ajuza ukaelekea ukutani, akafunga breki, akamwacha atazame rangi mpaka watu wa nyumba warudi. Akaona raha. Ndiyo, raha, na ilimfikisha hadi kwenye gari lake.

* * *

Mtu mwenye adabu. Hakuhitaji kumtafuta. Ramadhani ilikuwa imeshaingia, na tangu siku ya kwanza Mize alikuwa akimvushia sahani za futari, na sahani zilikuwa zinarudi na chochote, ndizi, maziwa, matunda. Koridoni pale vyombo vilipishana kuliko watu.

Jepkosgei alisimama jikoni na mwiko mkononi. Chumbani mluzi wa kifua cha Jeptoo ulipanda, ukashuka, ukakatika... naye akabana pumzi... ukarudi. Akalia. Akamtaja Yumna kwa jina, kwa sauti, ili asije akajidanganya kwamba hakumfikiria. Kisha akapika uji wa wimbi, akautia limau na sukari, akaujaza kwenye chungu cheusi.

Jua lilipozama aligonga.

"Shoga yangu wa Kinandi!" Mize akapokea kwa mikono miwili. Yumna alikuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake, shavu limejaa tende. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Na hiki chungu umekipata wapi? Kama cha kwetu Pemba."

"Nilipewa."

"Mtoto vipi?"

"Atapona," Jepkosgei akasema.

Kesho yake magharibi chungu kilirudi. Mlikuwa na kaimati humo, zimeloa shira, bado moto. Usiku ule chini ya jiko kulikuwa kimya. Jeptoo alilala mdomo wazi, akakoroma kama mlevi, akaamka anadai mayai. Jepkosgei alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Alithubutu! Chungu akakifunga kwenye mfuko wa takataka, akakitupa kwenye pipa kubwa nyuma ya jengo.

Sahani za futari hazikuja tena. Kwa siku kadhaa mlango wa pili ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kulisikika mluzi mwembamba. Jepkosgei akaongeza sauti ya televisheni.

Jioni moja Mize akagonga. Amekonda, macho mekundu.

"Wewe mtu wa maombi. Mola ni mmoja. Njoo umshike mwanangu."

Angekataaje? Alivuka koridoni. Moshi wa kuni. Kondoo aliyeloa. Yumna alikuwa amelala chali, midomo ya buluu. Jepkosgei akapiga magoti, akafumba macho, akanyoosha kiganja akiweke kifuani mwa mtoto.

Hakukifikia.

Palikuwa na mkono mwingine pale, umetangulia.

Mdogo, baridi, manyoya hadi vidoleni. Haukuondoka. Uligeuka taratibu, ukamshika vidole, ukavipapasa kimoja kimoja, namna mtu anavyomsalimu mwenyeji wake wa zamani.

"Amina," Mize akasema nyuma yake, ingawa hakuna sala iliyokuwa imesemwa.

Jepkosgei aliinuka, akarudi kinyumenyume. Mlangoni Mize alimpa bakuli lenye mfuniko, la moto chini, zito.

"Tambi za nazi. Mpe Jeptoo."

"Mize... usijisumbue..."

"Sijasumbuka. Nilikwambia kwako kunanuka moshi, ukanijibu njaa ya swaumu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi. "Kwetu tunavijua vitu vya kupokezana, shoga. Nilikuwa najiuliza tu kama na wewe unavijua. Nilikuwa nakutazama ulivyokuwa ukimwombea. Sasa sijiulizi tena."

"Nitakurudishia bakuli. Sasa hivi. Namwaga tu..."

"Bakuli sina haja nalo. Sikuazimi, nakupa. Liwe lako, pamoja na aliyemo."

Mlango ukafungwa. Komeo. Mnyororo.

Jepkosgei aligonga kwa kiwiko, kwa goti, kwa kichwa. Akaliweka bakuli kizingitini pa Mize, akarudi nyuma. Ndani ya mlango ule mluzi wa Yumna ulikuwa umekoma, na mtoto alikuwa analia kwa nguvu, kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa.

Nyuma yake mlango wake mwenyewe ulifunguka. Jeptoo alisimama pale na nguo za kulalia. Hakumtazama mama yake. Alikuwa akitazama kando ya miguu ya mama, kitu cha kimo chake mwenyewe. Na mtoto yule, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mtu kwa Kiswahili, akasogea pembeni kuacha njia.

"Karibu, Babu," akasema. "Ingia ndani."